Uji Kwenye Gia

Jumanne, 11 Machi

Uji umemwagika. Chupa nzima, pale Mtoni kwa Azizi Ally. Bodaboda katokea ubavuni, mimi breki, chupa ikamtoka Zuhura mikononi, kifuniko huko. Umepita katikati ya viti na kuzama kwenye gia. Uji wa mchele, tui zito, pilipili manga, iliki, na sukari kwa kipimo cha Mama, maana yake maradufu. Gari zima linanukia futari na adhana bado.

Zuhura kalia mpaka kwa bibi yake. Nimemwambia hakuna neno. Neno lipo, ila mtoto wa miaka tisa aliyefunga mpaka adhuhuri nimweleze nini.

Mama kafuturu kwa tende na mihogo. Uji hakuuliza. Kaniuliza moja tu: "Tarehe ishirini hujasahau?"

Sijasahau, Mama.

Jumatano, 12 Machi

Gia imegoma. Nawasha, nakanyaga breki, navuta: haitoki P. Nazima, nawasha tena, nakanyaga kwa nguvu zote. Wapi. Daku yote imeniishia pale kwenye usukani.

Beka kapita na pikipiki yake, kachungulia dirishani. "Shikamoo Shangazi. Bonyeza hapo pembeni." Kumbe kando ya gia kuna kitundu kimezibwa na kifuniko kidogo cha plastiki, maandishi yake SHIFT LOCK. Ukishabandua kifuniko, unasukuma ndani kwa bisibisi nyembamba na gia inaachia. Miaka yote niko na gari hili sijawahi kukitazama kile kitundu.

Nimefika kazini, nimerudi. Kila nikisimama na kuegesha, bisibisi. Mlinzi wa pale getini alikuwa ananiangalia sana.

Beka kasimama nyuma nikakanyaga breki: taa zinawaka zote. Basi swichi ya pedali ni nzima, na tatizo liko humo ndani ya gia. Anavyoeleza yeye, kuna sumaku ya umeme. Ukikanyaga breki inapata moto, inavuta pini, gia inakuwa huru. Pini ikishikwa na sukari haivutiki. Sukari ya Mama!

Shemeji Hamza kapiga simu jioni. Nani kampa habari? Peleka gereji, shemeji, hayo si mambo ya kuchezea, dashibodi ikishafunguliwa hairudi ilivyokuwa. Nikamwitikia "ndiyo shemeji" mara kadhaa. Gereji gari litalala, na nimeona magari yanavyolala huko na yanavyoamka. Tarehe 20 iko hapo. Jumamosi nalifungua mwenyewe.

Baba Zuhura, kwa simu: kila unachofungua kipige picha kwanza, na skrubu usizichanganye. Yeye angalau hakucheka.

Ijumaa, 14 Machi

Jana nilipanda daladala, uvivu wa bisibisi. Leo nawasha: kimya. Betri imekufa. Betri ya mwaka jana! Hii si mara ya kwanza, gari likikaa siku mbili tu bila kuwashwa ndiyo hivyo. Fundi aliyetuuzia kasema ni joto. Kila kitu Dar ni joto.

Mvua ya kwanza ya masika imepiga mchana. Hamu ya kuandika sina.

Jumamosi, 15 Machi

Nimeanza baada ya alfajiri kabla jua halijapanda. Mkeka chini, trei tupu ya mayai juu ya mkeka, kila kishimo skrubu za sehemu moja na kikaratasi chake. Bisibisi ya nyota. Soketi namba 10, Beka anasema ukiwa nayo hiyo umeshafungua nusu ya Toyota yoyote. Na mwiko wa plastiki wa jikoni, nimeusugua ncha kwenye sakafu ukawa bapa. Bisibisi ya chuma sitaki ikaribie kingo za dashibodi: plastiki ya Runx ya 2003 imeshakaushwa na jua, ukiichokoa kwa chuma kovu linabaki milele.

Magurudumu tumeyawekea mawe, maana handibreki itashushwa na kupandishwa.

Kwanza hasi ya betri, imekufa au haijafa. Halafu kusubiri. Maelekezo ya Toyota yanataka sekunde 90 angalau kabla hujagusa chochote, kwa ajili ya eyabegi. Kompyuta yake imekaa humohumo chini ya konsoli, na ina umeme wa akiba unaobaki hata betri ikichomolewa. Soketi zake ni za njano. Za njano haziguswi, nimemwapisha Beka. Nikavuta uradi, tasbihi mzunguko mzima, taratibu. Beka kadhani nimeingia woga. Woga ulikuwepo.

Kichwa cha gia kinazungushwa kinyume cha saa mpaka kinatoka. Paneli inayozunguka gia imeshikwa na klipu tupu: mwiko chini ya ukingo, nyanyua, ta! ta! ta! Kila klipu ikilia moyo unaruka, unatazama, haijavunjika, imeachia tu. Moja imevunjika kweli, ya nyuma kushoto. Klipu moja nitaisamehe.

Kile kisanduku cha kuegemea kiwiko kilitusumbua. Tumetoa skrubu zote tulizoziona na bado hakichomoki. Beka anavuta, mimi namzuia, anavuta. "Usivute mwanangu, kitu kisichotoka kina kinachokishika." Tukakikuta: chini ya kile kizulia cha ndani, bolti mbili zimejificha. Namba 10. Handibreki juu kabisa, kisanduku nyuma kidogo, kiinue upande wa nyuma, kipitishe juu ya mkono wa breki. Kimetoka. Jua lilikuwa limeshatupata, koo kavu, nikakaa chini tu nikalitazama gari langu likiwa uchi.

Chini humo! Ngozi ya uji imekauka mpaka kwenye zulia. Kibanio cha nywele. Kokwa za tende za Ramadhani gani sijui. Mia za Nyerere mbili. Na pesa za Kijapani: yeni kumi ya shaba, yeni moja ya alumini isiyo na uzito wowote mkononi, na yeni tano ya manjano yenye tundu katikati. Risiti pia, imefifia, maandishi yale yao, ila tarakimu za saa zinasomeka. Kuna mtu alilipa kitu saa nane na dakika kumi mchana, akaitupa risiti, gari likauzwa, likapanda meli. Zuhura kaichukua ile yenye tundu, kaitia uzi, iko shingoni mpaka sasa hivi ninapoandika na yeye kalala.

Kuosha: maji ya vuguvugu, kidogo mno, kwa pamba za masikio na mswaki wa zamani. Sukari inayeyuka kwa maji, mafuta hayaiwezi. Beka alitaka kupuliza WD, nikamkatalia, mafuta yakikauka yanaita vumbi. Pini niliisukuma kwa kidole ikaingia ikabaki hukohuko. Pamba, maji, kausha. Tena. Saa nzima labda. Mpaka ikawa inaingia na kurudi yenyewe.

Tumeazima betri ya jirani. Nimekanyaga breki, sikio chini kabisa kwenye gia.

Tik.

Nimeachia, nimekanyaga. Tik. Beka kacheka kwa sauti, mimi nimecheka, Mama Rehema wa upande wa pili katoka kuuliza kuna nini. Hakuna kitu, gari linakohoa.

Jumapili, 16 Machi

Ningefunga nikamaliza. Lakini konsoli ikiwa nje, redio inakuwa nusu njia, na ule mlio wa krr krr kwenye dashibodi kila tukipita kwenye matuta umenichosha muda mrefu. Baba Zuhura kasema acha. Nimeshaanza, nikamjibu, salamu kwa wenzio huko.

Paneli ya redio ni klipu vilevile. Nyuma yake soketi ya swichi ya hazadi, bonyeza ulimi wake ndipo uvute, usivute waya. Skrubu za kushika redio zinatakiwa nne. Zimo mbili, zote za upande mmoja! Upande wa pili kimejazwa kipande cha boksi la biskuti, limekunjwa mara nne. Huyo ndiye krr krr. Tangu redio ifungwe tunaambiwa dashibodi imezeeka.

Na sababu ya boksi naiona kwa macho. Redio hizi za kioo zinazouzwa madukani upana wake milimita 178. Tundu la Toyota ni milimita 200. Pengo hilo lina vipande vyake vya plastiki vya kuziba, vinauzwa, bei ya soda kadhaa. Aliyeifunga redio katia biskuti.

Nimevuta redio nje. Nyuma yake kiota cha kunguru. Soketi ya gari imekatwa, haipo kabisa, nyaya zimesokotwa kwa mkono na kuzungushiwa selotepu, na selotepu yenyewe imeyeyuka kwa joto ikawa gundi. Nimepiga picha nyingi. Hasira imenipanda mpaka nikakumbuka nimefunga. Nikaingia ndani, nikatia udhu, nikarudi.

Beka kaja na mita yake. Polepole, waya mmoja mmoja. Upande wa Toyota: bluu yenye mstari wa njano ina umeme saa zote, funguo ziwemo zisiwemo. Kijivu hupata umeme ukizungusha funguo. Kahawia ni ardhi. Upande wa redio: njano ni ya kumbukumbu, inataka umeme wa saa zote. Nyekundu ni ya kuiamsha redio, inataka umeme wa funguo. Nyeusi ardhi. Kwa hiyo njano kwa bluu, nyekundu kwa kijivu. Mambo mawili.

Aliyefunga kazisokota njano na nyekundu pamoja, zote mbili kwa bluu. Kijivu kimening'inia hewani, hakijaguswa.

Redio hailali! Ndiyo maana hata ukichomoa funguo inabaki inawaka mpaka uibonyeze kioo kizime. Tuliambiwa ndivyo zilivyo redio za kisasa. Kioo kinazima, ndani inaendelea kula. Beka kaipitisha mita kwenye waya wa hasi, gari limezimwa, milango imefungwa: nusu ampea. Tumeichomoa redio, mita imeshuka karibu na sifuri. Tumeirudisha, nusu ampea tena. Nusu ampea kwa saa 24 ni 12, kwa siku mbili 24, na betri yetu ni ya 40 na ushee, si mpya tena. Hesabu ya darasa la tano. Betri mbili nimenunua kwa ajili ya waya mwekundu. Mbili! Na joto la Dar likabeba lawama.

Nimemsimulia Mama kwa simu. Kasema, "Aliyeifunga alikuwa na haraka ya kwenda wapi?" Sina jibu.

Jumatatu, 17 Machi

Kariakoo baada ya kazi, Gerezani. Foleni, jua, watu wote wanaangalia saa. Nimepata soketi ya Toyota, ile jozi, ya pini kumi na ya pini sita, zikiwa na nyaya zake. Muuzaji kaniuliza, "Mama, fundi wako yuko wapi nimwelekeze?" Nikamwambia yuko mbele yako. Kanyamaza, halafu kashusha bei, sijui kwa heshima au kwa huruma.

Vipande vya pembeni viwili. Skrubu fupi, maana ndefu zinatoboa redio kwa ndani. Mirija ya plastiki inayosinyaa ikipata moto. Klipu za Toyota, pakiti ndogo. Jumla nimetumia pungufu ya nusu ya bei ya betri, nimepiga hesabu hiyo makusudi nikiwa kwenye basi ili niumie vizuri.

Futari nimeikuta njiani, kwenye kiti cha daladala. Kondakta kagawa tende abiria wote. Mungu ambariki yule kijana.

Jumanne, 18 Machi

Baada ya tarawehe, chini ya taa ya baraza. Beka analehemu, mimi namshikia nyaya na kumsomea rangi, Zuhura anashika tochi na kusinzia. Kila kiungo lehemu, mrija, kiberiti. Nyekundu kwa kijivu. Tumeihakiki kwa mita kabla ya kuchomeka chochote. Funguo nje: kijivu sifuri. Funguo ndani: 12 na pointi. Sawa.

Nilipozungusha funguo redio ikaamka, na ile sauti ya mama wa Kijapani, inayosema kila nikiwasha gari, nayo ikasema sentensi yake. Kisanduku chake kiko chini ya usukani, hatujawahi kukigusa. Mama, akipanda gari hili, humjibu "waalaikumu salaam" kila siku ya Mungu. Beka ana binamu anayeuza magari, leo kampigia kumuuliza: anasema kadi haijaingizwa. Kadi ya kulipia barabara za haraka za huko kwao, gari linapita getini bila kusimama. Basi miaka yote anadai kadi. Beka kashika soketi yake, "Shangazi, nimchomoe?" Zuhura, aliyekuwa amelala, kasema "usimchomoe!" macho hayajafunguka. Tumemwacha. Mama simwambii.

Kwenye mipangilio ya redio nikakuta kitu kingine. Mahali pa kuchagua eneo: Ulaya, Marekani, Japani, Urusi. Imewekwa Marekani. Huko stesheni za FM zote huishia na desimali ya witiri, 88.1, 88.3, 88.5, basi redio ikiwekwa kwao inaruka mbili mbili, haikanyagi katikati. Stesheni ya Mama iko kwenye shufwa. Redio ilikuwa inasimama jirani yake tu, ndiyo maana ule mkwaruzo, ndiyo maana kila tukimpeleka popote anasema "zima, linaniumiza kichwa." Nimeweka Ulaya. Nikaitafuta. Imesimama juu yake sawasawa, kaswida, safi, saa tano ya usiku. Nikaizima haraka kabla majirani hawajatoka.

Kufunga ni kinyume cha kufungua, wanasema. Si kweli. Kufungua hakuna kibakicho. Kufunga, trei ilipoisha imebaki skrubu moja isiyo na kikaratasi. Tumezitazama picha zote. Haimo. Beka anasema ni ya fundi wa zamani, ilikuwa imedondokea ndani. Naamini kwa sababu nataka kulala. Lakini nimetikisa kila kipande, hakuna kinachocheza.

Jumatano, 19 Machi

Nimepima asubuhi kabla ya kuwasha. Betri iko vilevile kama jana usiku.

Nimepita kwenye matuta ya njia ya Tandika kwa makusudi, kwenda na kurudi. Kimya. Sasa nasikia mlio mwingine, wa shokapu, uliokuwa umefichwa na ule wa kwanza.

Usingizi hauji. Si gari.

Alhamisi, 20 Machi

Tumetoka saa kumi na mbili kasoro. Mama kavaa baibui lake jipya. Kapanda, nimewasha, mama wa Kijapani kasema lake, Mama kamjibu. Gia imetoka P kwa kidole.

Sikugusa redio mimi. Yeye mwenyewe, tulipofika Uhasibu, kanyoosha mkono kabonyeza. Mawaidha. Yule shehe anayempenda. Kasikiliza kidogo, kashusha kioo, kapandisha, kasema, "Leo anaongea kama yumo humu ndani." Basi. Hakuuliza kwa nini, na mimi nilikuwa nimejiandaa kueleza Marekani na shufwa na witiri, nikameza.

Kliniki tulikaa mpaka adhuhuri. Daktari kijana, mpole, anaongea na Mama, si na mimi, nimempenda kwa hilo. Vipimo viwili vimerudi vizuri. Cha tatu mpaka wiki ijayo. Kasema asifunge, Mama kasema "nimesikia", na ninamjua Mama, kusikia kwake si kukubali. Kurudi kalala njia nzima, redio ikiwaka. Nimeendesha taratibu sana. Nilipozima gari nje kwake na kuchomoa funguo, redio ikazima yenyewe, na Mama kaamka akadhani tumekatiwa umeme.

Ijumaa, 21 Machi

Shemeji Hamza kaja baada ya sala. Kaingia kwenye gari, kabonyeza, kagonga dashibodi kwa vidole huku na huku, kavuta gia P, N, D, tena na tena. Kaangalia mapengo ya pembeni, hayapo. Hana la kusema, kwa hiyo kasema zulia bado linanuka iliki. Ni kweli linanuka.

Halafu, akiwa tayari mlangoni: yake naye, ile Noah, redio haizimi akitoa funguo, na betri inamsumbua, alikuwa anafikiri ni joto. Je, shemeji, baada ya Idi?

Nimemwambia tutaona. Beka anadai chake kwanza, na mita si yangu. Atangulize hela ya soketi, na anunue skrubu fupi.